Je, Minecraft inatosha badala ya vifaa vya maabara?

SWALI: Nafundisha Sayansi darasa la tano hapa Morogoro. Tumepewa vishikwambi 12 vyenye Minecraft ya shule, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga dunia kwa bloku (vipande vya mchemraba), na watoto ni 60. Muuzaji mmoja anatushawishi tulipie masomo aliyoyatengeneza ndani ya mchezo huo. Anadai watoto watafanya majaribio yote humo na hatutahitaji tena vifaa. Tumwamini?

JIBU: Hapana, Mwalimu, msimwamini. Watoto watano kwa kishikwambi kimoja inawezekana, mradi wapokezane na wasioshika wawe wanaandika. Kinachoniudhi ni hilo neno "majaribio yote", ambalo nalisikia karibu kila shule ninayokwenda.

Kufanya jaribio ni kuyauliza maumbile. Ndani ya mchezo anayejibu ni mtu aliyeandika programu. Katika Minecraft, mchanga na changarawe huanguka ukiondoa kilicho chini yake, lakini udongo na mawe hubaki hewani. Chimba shimo la bloku mbili kwa mbili, mimina ndoo moja ya maji kila kona kati ya mbili zinazotazamana, na utachota kutwa kucha yasipungue. Niliwahi kukaa na msichana wa darasa la nne aliyekata shina la mti chini kabisa. Juu kote kukabaki kunaelea. Nikamuuliza mbona hauanguki. Akafikiri, kisha akanijibu bila wasiwasi: "Majani ni mepesi, Mwalimu." Alitafuta sababu kama mwanasayansi, ila ya jambo lisilotokea duniani, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Lifanye hilo ndilo somo lako. Wabashiri kwanza kwenye daftari, wajaribu mchezoni, halafu watoke nje na beseni la mchanga na ndoo ya maji, wajieleze kwa nini majibu yamepishana.

Dunia hizi za mchezoni zina faida, tena kubwa. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kilitengeneza mchezo wa kujifunzia uitwao Quest Atlantis, ambamo watoto wa shule za msingi waliingia hifadhi ya kubuni iitwayo Taiga na kukuta samaki wa mtoni wanakufa. Walipima maji, wakawahoji wakulima, wakata miti na wavuvi, kila upande ukimlaumu mwenzake, kisha ikabidi watetee uamuzi wao kwa ushahidi, na mwalimu akausoma. Wauzaji wetu huchukua mto na samaki, wakaiacha kazi hiyo ya kutetea uamuzi kwa ushahidi. Badala yake huweka maswali ya kuchagua A hadi D na nyota za dhahabu.

Kwa hiyo yeyote atakayewaletea dunia ya namna hii, iwe ya volkano au ya mwili wa binadamu, mwambieni awaonyeshe mahali ambapo mtoto anaweza kubashiri vibaya na kuligundua kosa lake mwenyewe. Akikosa pa kuonyesha, fedha hiyo nunueni vipimajoto na lenzi za mkono.