Barua kwa mwanangu kuhusu pete ya jiwe la buluu

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na zile picha za pete nimezitazama hata baba yako akaniuliza kama ninakusudia kuinunua mimi. Huku nyumbani hatujambo sote, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye swali lako. Umesema kwamba muuzaji mmoja wa pete na cheni pale Makoroboi, Mwanza, anakuuzia pete ya fedha yenye jiwe la buluu, ambalo kwa maneno yake ni yakuti samawi halisi ya Tunduru, iliyokuwa ya marehemu bibi yake tangu alipoolewa kabla ya Uhuru. Kwamba alianza na shilingi 600,000 na sasa ameshuka hadi 350,000. Kwamba hana karatasi yoyote ya kuithibitisha. Na kwamba umeipenda sana lakini hutaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Uinunue au uiache?

Mimi ningeinunua kama muuzaji atakubali bei ya pete ya fedha yenye jiwe zuri la kutengenezwa, ambayo kwa makadirio yangu haipaswi kuvuka shilingi 150,000, na ningeiacha kama atang'ang'ania bei ya jiwe la asili huku akikataa kuliandika neno hilo kwenye risiti. Inawezekana kabisa jiwe likawa la kweli, lakini pale kwenye kaunta hakuna wa kulijua, na sioni kwa nini hasara ya kutojua huko uibebe wewe peke yako.

Nianze na hadithi yake, maana ina tundu. Mawe ya Tunduru yalianza kutoka kwa wingi katika miaka ya 1990, wachimbaji na wanunuzi walipomiminika kule kusini. Bibi aliyeolewa kabla ya mwaka 1961 angevishwaje jiwe la Tunduru? Huenda jiwe lilibadilishwa baadaye, na huenda muuzaji amechanganya tu habari mbili alizopewa na watu wawili, jambo ambalo halinishangazi. Sisi wa kando ya Ziwa ni watu wa dhahabu. Fundi wa Mwanza au Geita ataisugua dhahabu kwenye jiwe lake jeusi, ataidondoshea tindikali, na atakutajia karati zake, yaani usafi wake, bila kubahatisha sana. Lakini vito vya rangi vinatoka mbali na sisi, Tunduru na Songea, Bonde la Umba, Mahenge, Mererani, na vinapofika huku mara nyingi vimebaki na maneno ya mtu wa mwisho aliyeviuza. Kwa hiyo usimhesabu kijana huyo kuwa tapeli kwa sababu tu maneno yake hayalingani. Yahesabu maneno yenyewe kuwa hayana bei.

Sasa jiwe lenyewe. Umefanya vizuri kuweka rula kando yake kwenye picha ya pili, kwa sababu nimeweza kuona kwamba lina urefu wa milimita 9 na upana wa milimita 7 hivi, na yakuti ya kipimo hicho huwa na uzito unaozidi karati 2, yaani karibu nusu gramu. Rangi yake ni buluu iliyokolea, imeenea sawasawa pande zote, na sikuona doa wala ufa. Yakuti ya asili yenye sifa zote hizo kwa pamoja ingeuzwa kwa mamilioni ya shilingi, na sonara aliyeijua thamani yake asingekuwa na haraka ya kuitia kwenye fedha. Mwenye mali ya namna hiyo hapunguzi shilingi 250,000 kabla mteja hajafika mlangoni. Usafi huo unaokuvutia ndio unaonitia shaka zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ardhi haitoi mawe safi kwa ukarimu, ila kiwanda hutoa.

Na kiwanda kimeanza kazi hiyo zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini katika mwali wa oksijeni na haidrojeni, ukadondoka na kuganda kidogo kidogo hadi likapatikana donge la rubi, yaani yakuti nyekundu. Haikupita miaka kumi, yakuti ya buluu nayo ikawa inatengenezwa hivyo hivyo kwa kuongeza chuma na titani, ambavyo ndivyo vinavyolipa rangi hata jiwe la asili. Ndiyo maana hoja kwamba pete ni ya zamani, hata ingekuwa kweli, haithibitishi lolote kuhusu jiwe: bibi yule angeweza kuvishwa jiwe la kiwandani mwaka 1950 na asijue maisha yake yote. Jiwe hilo si kioo. Ni madini yale yale, lina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs ambacho almasi ina 10, linang'aa vilevile, na kidoleni litadumu kama la asili. Tofauti yake kubwa ni kwamba linaweza kutengenezwa kwa wingi, na kwa hiyo bei yake ni ndogo. Vioo vya saa nyingi za bei ghali hutengenezwa kwa yakuti ya aina hiyo, wala hakuna anayewalaumu watengenezaji wake.

Hapo utaelewa kwa nini vipimo ulivyoambiwa na wenzako kazini havitakusaidia. Kulipulizia pumzi na kutazama ukungu unaondoka kwa kasi gani kunaweza kukupa fununu kama ni kioo, lakini jiwe la kiwandani na la ardhini yatajibu pumzi yako kwa namna moja. Kukwaruza chupa ni kubaya zaidi, kwa sababu yakuti ya kiwandani hukwaruza kioo sawasawa na ya asili, mawe mengine ya bei ndogo kama kwatzi nayo hukwaruza, na ukikosea pembe unaweza kumegua ncha ya jiwe la watu na ukalazimika kulinunua. Kile kikalamu cha umeme ambacho wauzaji hukigusisha juu ya jiwe hadi kikalia kimeundwa kwa ajili ya almasi. Hakina uwezo wa kutenganisha yakuti na yakuti.

Mwenye uwezo wa kukusogeza mbele ni mjomba wako, na ninajua umesema hutaki kumpelekea kwa sababu atakucheka na habari itavuka maji kabla ya meli ya jioni. Atakucheka, ndiyo. Lakini ana lenzi ya kukuza mara kumi na ana miaka mingi ya kuitumia. Siku moja nikiwa dukani kwake aliletewa jiwe la buluu lililotoka kwenye pete iliyovunjika, akalishika kwa koleo ndogo, akawasha tochi kwa ubavuni badala ya mbele, kisha akanipa lenzi nione mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na vipovu viwili vya mviringo, vidogo mno, na nyuma yao mistari hafifu ya rangi iliyopinda kwa pamoja, yote ikielekea upande mmoja. Akaniambia kwamba mistari ya namna hiyo ni alama ya donge lililokua kwenye mwali, kwa kuwa jiwe la ardhini hukua kwa nyuso bapa, na rangi yake ikijipanga hujipanga kwa mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe, mara nyingi pamoja na sindano nyembamba zinazopishana. Mteja alikasirika, lakini hakuweza kubisha, kwa sababu naye alipewa lenzi.

Mwambie mjomba aangalie pia mgongo wa pete. Kama nyuma ya jiwe kumezibwa kwa bamba badala ya kuachwa wazi, aulize kwa nini, maana hapo ndipo hufichwa karatasi inayong'arisha kioo au jiwe la vipande viwili vilivyogundishwa. Atazame kingo za nyuso za juu: pete yenye jiwe la kioo iliyovaliwa miaka sitini huwa na kingo zilizolika, ilhali yakuti, iwe ya asili au ya kiwandani, hubaki na kingo kali hata fedha yake ikichakaa. Kama jiwe lingekuwa nje ya pete angelipima pia hewani na ndani ya maji, kwa sababu yakuti ina uzito mara 4 ya maji ya ujazo ule ule, tanzanaiti ni kama mara 3.35, na vioo vingi viko chini ya hapo. Lakini muuzaji hatakubali kulitoa, na mimi nisingekubali pia ningekuwa yeye. Ile namba 925 uliyoiona ndani ya pete inahusu fedha tu, yaani sehemu 925 katika 1,000, na haisemi chochote juu ya jiwe.

Lipo jambo moja ambalo hata lenzi ya mjomba inaweza isilimalize. Yakuti nyingi za asili zilizoko sokoni duniani zimepashwa moto mkali ili rangi ikolee, na hilo ni jambo la kawaida linalokubalika mradi litajwe. Nyingine ni mawe ya asili yaliyojaa nyufa ambayo yamejazwa kioo cha buluu, na haya ndiyo ninayoyaogopa zaidi kwa mtu anayekusudia kuvaa pete kila siku, kwa sababu kile kioo kinaweza kuharibiwa na ndimu, na dawa kali za kusafishia, na moto wa fundi. Kwa uhakika kamili yangehitajika maabara, na Arusha kipo Kituo cha Jemolojia ambako watu wa vito wanafahamu kazi hii, lakini kusafirisha pete ya 350,000 hadi Arusha ni kuongeza gharama juu ya kitu ambacho bado hujajua kama kina thamani hiyo.

Umegusia pia kwamba pesa yenyewe ni ya mchezo wako wa kupokezana, yaani upatu, wa mwezi huu na kwamba pete ingekuwa "akiba". Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mapambo ya dhahabu ni akiba, kwa sababu yana bei inayojulikana kila asubuhi na sonara yeyote mjini atakupimia kwa gramu. Pete hii ukiirudisha sokoni utalipwa fedha yake kwa uzito, ambayo ni kidogo, na kwa jiwe hutapewa kitu. Inunue kwa kuwa unataka kuivaa, kwa kiasi ambacho hutakijutia siku ukiambiwa jiwe ni la kiwandani. Hiyo 150,000 niliyotaja nimeipata kwa njia hiyo, na wewe unaweza kuona inafaa iwe chini zaidi.

Ukirudi kwake, usibishane naye kuhusu bibi wala Tunduru. Mwambie kwa adabu kwamba uko tayari kulipa, ila ungependa risiti ya duka iandikwe kile anachokuuzia, pamoja na ahadi kwamba akithibitishiwa na fundi ndani ya siku saba kuwa jiwe si la asili, atakurudishia pesa zako. Akiandika "yakuti samawi ya asili" na kutia sahihi na namba yake ya simu, basi maneno yake yameanza kuwa na uzito, na hapo unaweza kufikiria kupanda juu ya bei yangu. Akiandika "pete ya fedha yenye jiwe la buluu", basi hicho ndicho anachouza, nawe ulipie hicho. Akikataa kuandika lolote, mshukuru uondoke. Mwanza haijaishiwa pete. Njia nyingine ni kumwachia amana na kuichukua pete kwa saa moja hadi kwa mjomba, au kumwomba aifuate yeye mwenyewe, ambayo ndiyo heshima zaidi kwa muuzaji asiyekufahamu.

La mwisho ni kuhusu kipimo, kwa kuwa umesema inakubana kidogo. Usikubali aipanue pale pale kabla jiwe halijatazamwa, kwa sababu kupanua pete ya fedha mara nyingi kunahitaji moto, na kama jiwe limejazwa kioo litaharibika mbele ya macho yako na utaambiwa umelileta likiwa hivyo. Mjomba hufungua saa tatu asubuhi, na Jumamosi hufunga mapema, kwa hiyo nenda katikati ya wiki. Nimeshampigia simu na kumwambia utakuja na rafiki yako mwenye pete.

Mama yako