Badilisha taa zote za dashibodi, lakini ile ya betri usiiguse

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kakamega alinitumia picha ya dashibodi ya gari lake, imepigwa usiku. Spidomita buluu, paneli ya hita buluu, hata saa buluu. Chini yake aliandika: "Mzee, nimeweka LED kila mahali na imetoka safi, lakini betri inakufa kila baada ya siku mbili tatu. Fundi anasema ninunue alteneta." Nilipofika kwenye neno alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, niliweka simu chini, nikatoka nje kidogo. Mimi hiyo alteneta nilishainunua. Mbili.

Gari langu ni Nissan Sunny B12, na limewapita watoto wangu wote kwa umri. Ninakaa Free Area hapa Nakuru, nauza chakula cha kuku, na kila mwezi lazima nishuke Ahero kumwona mama. Anayeijua barabara ya kutoka Mau Summit hadi Kericho usiku anaujua ukungu wake. Bila hita kupuliza kioo huendi popote. Sasa balbu ya paneli ya hita kwangu ilikuwa imekufa tangu ninunue gari, nikawa napapasa vile vijiti gizani kwa kidole. Siku moja nilisukuma kijiti upande usiofaa, kioo kikaziba mbele ya lori. Ndiyo maana hakuna atakayeniambia kwamba LED ni mapambo ya vijana. Nilitaka kuona, na kweli nilitaka pia gari lipendeze. Nani hataki?

Nilinunua balbu za LED madukani pa spea hapa mjini: T10 za spidomita, T5 za taa ndogo za onyo, na zile ndogo kabisa za hita. Hizo namba ni upana wa balbu kwa milimita, kwa hiyo chukua balbu yako ya zamani uende nayo dukani, usikisie. Jumapili moja nikaifungua dashibodi mwenyewe kwa bisibisi. Nilitoa soketi moja moja kwa kuzizungusha robo mzunguko, nikapachika LED. Zile za mwanga ambazo hazikuwaka nilizichomoa nikazigeuza, kwa sababu LED ina upande wa chanya na upande wa hasi, tofauti na balbu ya zamani yenye kijiwaya ndani, balbu ya waya, ambayo haijali umeme unaingilia wapi. Zikawaka zote. Usiku ule niliketi ndani ya gari karibu nusu saa bila kwenda popote, nikiangalia tu. Mke wangu alikuja akagonga kioo akidhani nimelala.

Wiki mbili baadaye mama alikuwa Nakuru kwa harusi, nikamrudisha nyumbani jioni. Tulipokuwa tunaondoka nikafungua ufunguo, dashibodi ikang'aa, nikasubiri anisifu. Mama alitazama, akasema, "Baba, mbona ile taa nyekundu ya betri haikuwaka? Baba yako alikuwa haondoki bila kuiona." Marehemu baba aliendesha matatu ya Peugeot 504 miaka mingi, na mama alikaa kiti cha mbele mara nyingi kuliko kondakta. Nilimjibu kwa sauti ambayo bado inaniuma. Nilimwambia, "Mama, taa nyekundu isipowaka ni heri. Hayo mambo ya Peugeot yameisha." Akanyamaza.

Tulikuwa karibu na Kedowa taa za mbele zilipoanza kugeuka njano. Ukungu ulikuwa mzito na feni ya hita ikaanza kuzunguka kwa uvivu. Lakini dashibodi yangu iling'aa vilevile, kwa sababu LED inatumia umeme kidogo sana na huendelea kuwaka wakati vingine vyote vinakufa njaa. Nilikuwa naiona spidomita vizuri kabisa na siioni barabara. Mwishowe injini ikazima. Mama yangu, wa miaka 71, alikaa saa tatu kwenye ile baridi amejifunika koti langu, mpaka dereva mmoja wa lori la majani chai akatuokoa kwa nyaya zake za betri. Mama hakuniambia neno juu ya ile taa. Mpaka leo hajaniambia.

Niliporudi Nakuru fundi wa umeme alipima, akasema alteneta imekufa. Shilingi 6,500, spea ya mtumba. Alipoifunga alikanyaga mafuta sana, mita ikaonyesha volti 14, yaani inachaji, tukapeana mikono. Baada ya siku sita betri ilikuwa imekwisha tena. Akasema ile alteneta ilikuwa mbovu, akaniuzia nyingine, na betri mpya juu yake. Nikalipa. Siku ya tisa nikasukumwa na vijana wa bodaboda pale Section 58, wateja wangu wakinitazama.

Usiku ule sikulala. Maneno ya mama yalinirudia, na saa kumi na moja alfajiri nikaenda garini kwa miguu mitupu nikafungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya mafuta ya injini iliwaka. Ya breki iliwaka. Ya betri, giza. LED ya betri niliiweka kinyume! Zile za mwanga nilizigeuza kwa sababu nilitaka ziwake. Hii sikuigeuza kwa sababu nilidhani taa ya onyo isiyowaka ndiyo nzuri.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa hiyo soma polepole. Kwenye magari mengi ya zamani, ile taa ya betri si ya kuonyesha tu. Umeme unatoka kwenye betri, unapita ndani ya balbu, unaingia kwenye alteneta na kuipa usumaku wa kuanzia. Alteneta ikishaanza kuzalisha, volti zinalingana pande zote mbili za balbu, hakuna kinachopita, taa inazimika. Balbu ya waya ya wati 1.4 inapitisha zaidi kidogo ya ampea 0.1. LED ya kawaida inapitisha kama ampea 0.02, na ikiwa kinyume haipitishi kitu. Alteneta inabaki imelala. Ukikanyaga mafuta sana inaweza kujiamsha kwa ule usumaku mdogo uliobaki ndani ya chuma chake, na ndiyo sababu kwa fundi kila kitu kilionekana kizima. Alteneta zangu zote tatu zilikuwa nzima. Niligundua hilo mwenyewe, bila cheti cha mtu, na nilirudisha ile balbu ya zamani ambayo kwa bahati sikuwa nimeitupa. Mita ikaonyesha volti 14.1 injini ikiwa inanguruma tu, bila kukanyaga mafuta. Nilirudi kwa yule fundi kumweleza. Alisema sababu haiwezi kuwa balbu. Pesa zangu hakurudisha.

Basi vijana, jifunzeni gari lenu. Kabla ya kubadilisha chochote, fungua ufunguo bila kuwasha injini, upige picha taa zote za onyo zinazowaka. Ukimaliza, fungua tena, ulinganishe. Ile isiyowaka ina neno la kukuambia. Taa ya betri iache na balbu yake ya waya, hata kama rangi haifanani na nyingine. Tunatumia maelfu kulipamba gari na hatutumii dakika tano kuliuliza linavyofanya kazi, halafu tunamlaumu Mungu barabarani. Na mzazi akikuuliza swali, jibu swali. Usimjibu umri wake.

Kuhusu rangi, mtafanya mtakavyo, ila mimi buluu niliitoa. Kwenye ukungu inarudi kwenye kioo cha mbele na kuchosha macho. Weupe usio mkali unatosha, hasa kama balbu zako za zamani zilivaa vile vikofia vya kijani au paneli ina plastiki ya rangi, maana buluu ikipita hapo inatoka kama maji ya mtaro. Tena LED nyingi zinamulika mbele tu, si pande zote, kwa hiyo spidomita inapata madoa. Tafuta zenye vitaa ubavuni.

Kijana wa Kakamega nilimwambia arudishe balbu ya betri kwanza, na asilipe alteneta yoyote. Jana usiku alinitumia picha nyingine mbili. Ya kwanza amefungua ufunguo tu: dashibodi bado buluu yote, ila kwenye kona ya chini kuna kataa kamoja kekundu. Ya pili amelaza mita yake pembeni: injini inawaka, kataa kamezimika, volti 13.9. Picha hizo nitazipeleka Ahero mwisho wa mwezi nimwonyeshe mama.