Kisa cha kitoweo: nilivyojifunza kuandika mahitaji ya mfumo

Ndugu uliyeuliza, umesema bosi wako anataka waraka wa mahitaji ya mfumo wa tiketi za boti za kutoka Lamu kwenda Pate na Faza. Umeshaandika kurasa 40 za "mfumo utafanya hiki, mfumo utafanya kile" na bado hujui kama umemaliza. Njia hiyo nimeipita, kwa hivyo nakueleza yaliyonifika.

Nilipewa kazi ya kutengeneza programu ya kusajili samaki wanaoshushwa na wavuvi hapa Lamu. Nikaketi ofisini nikachora skrini: kitufe cha kuongeza, kitufe cha kuhifadhi, orodha ya aina za samaki. Karani aliitumia siku mbili, akarudi kwenye daftari lake. Iliniuma sana, kwa sababu programu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa.

Ndipo nikaanza kuandika visa vya matumizi (kwa Kiingereza "use cases"). Fikra hii ni ya Ivar Jacobson, Msweden aliyekuwa akishughulikia mitambo ya simu katika kampuni ya Ericsson, na aliitangaza mwaka 1987. Kila kisa kina mhusika, na mhusika ana jambo analolitaka. Unasimulia hatua kwa hatua anavyolipata, kisha unarudi kwenye kila hatua na kuuliza: hapa pakienda kombo, inakuwaje?

Changu nilikiita "Nahodha auza samaki wake". Sikukiita "Kujaza fomu ya mizani", maana fomu haimhusu nahodha. Anachotaka ni pesa zake na za mabaharia wake. Hatua zenyewe: nahodha aleta samaki, karani apima kila aina, mfumo waonyesha bei ya siku, mnunuzi akubali, mfumo waandika mauzo na kutoa risiti. Hatua tano tu, na zikipita tisa mara nyingi umechanganya visa viwili. Usitaje kitufe wala skrini humo. Ukitaja kitufe, umeshaanza kujenga kabla hujaelewa.

Alfajiri moja nikaenda ufukweni nikamsomea karani kisa changu kwa sauti, wavuvi wakisikiliza. Nilipofika kwenye kupima, mzee mmoja akanikatiza: "Na kitoweo je, mwanangu?" Akanionyesha mtungo wa tafi, wamefungwa kwa ukili, umewekwa kando tezini. Kila baharia huchukua kitoweo cha nyumbani kabla ya mizani. Hakiuzwi, hakipimwi, na hakuna anayekiulizia.

Sasa, programu yangu ilimtaka karani aandike samaki wote walioshuka na wote waliouzwa, na hesabu zisipolingana ilikataa kufunga mauzo. Kwa hiyo kila asubuhi ilimwonyesha mtu mwaminifu kama aliyepoteza samaki. Ndiyo sababu alirudi kwenye daftari, na kwa heshima hakuwahi kuniambia. Chini ya hatua ya pili nikaandika: "Samaki wa kitoweo: karani hawapimi, mfumo hauwadai." Mstari mmoja, na ningeutafuta ofisini mwaka mzima nisiupate.

Baada ya hapo mengine yanayoweza kwenda kombo yalikuja yenyewe: mnunuzi ndiye tajiri aliyemkopesha nahodha nyavu, deni likatwe kwanza, mtandao umekatika, wamebishana bei.

Umeuliza pia kuhusu ile michoro ya vijitu na maduara, ambamo kijitu ni mhusika na duara ni kisa. Ichore, inamsaidia bosi kuona visa vyote kwa pamoja. Lakini usiishie hapo, kwani duara lenye maneno "Kuuza samaki" haliwezi kukuambia habari za kitoweo.

Kwa mfumo wako, anza na kisa kimoja: "Abiria afika Faza". Kiandike bila skrini, kisha kachukue nafasi gatini, uwasomee manahodha. Nakuonya mapema juu ya hatua ya "abiria achagua saa ya kuondoka". Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, una maji machache, chombo husubiri maji yajae ndipo kipite, na saa ya leo si ya kesho. Waulize wao saa inapangwaje na nani humwarifu abiria ikibadilika, kisha uandike yanayoweza kwenda kombo katika hatua hiyo kwa maneno yao. Ukimaliza kiweke hapa, nitakisoma chote.