Jina lake halikuwamo kwenye orodha

Ndugu Mhariri, swali lenu la juma hili linasema: "Mkristo afanye nini ili asipoe, bali akue kiroho?" Najua majibu mtakayoletewa, maana mimi mwenyewe niliwahi kuyafundisha: soma Neno kila siku, omba alfajiri, funga, toa sadaka, usikose ibada. Siyapingi. Niliyashika yote kwa miaka kadhaa hapa Mwanza, na nikapoa nikiwa nimeyashika. Daftari langu la kujifunza Biblia ninalo mpaka leo. Ukurasa wa mwisho una tarehe tu, chini yake hakuna neno.

Kwa hiyo mtanisamehe, nitajibu swali la jirani. Aliyekwisha kupoa, au aliyetolewa nje, anarudi kwa njia ipi? Kwetu Bukoba, sisi Walutheri, njia hiyo ina jina: kurudi kundini. Nilikaa chini kuandika kwamba utaratibu huo ufutwe. Aya za mwanzo nimeziacha kama zilivyotoka, ingawa nilipofika katikati nilipiga simu moja ikaniharibia hoja.

Kwa wasioujua: msichana akipata mimba kabla ya ndoa, au watu wawili wakikaa pamoja bila kubarikiwa, wazee wa kanisa wanakaa kikao, jina linaandikwa katika daftari, na mtu huyo anatengwa. Haruhusiwi kukaribia Meza ya Bwana, wala hawezi kumsimamia mtoto wa mwenzake ubatizo. Ibadani anaingia, anaimba, na sadaka yake inapokelewa, sadaka haitengwi. Akitaka kurejea anajiandikisha, anafundishwa, halafu Jumapili moja anaitwa mbele pamoja na wenzake. Wanapiga magoti usharika mzima ukiwatazama, wanaulizwa, wanajibu, wanaombewa.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Katika Luka 15 yule baba hakumwita mwanawe mbele ya kijiji. Alimkimbilia angali mbali, akaagiza vazi, pete na viatu, na kijana hakupata hata nafasi ya kumaliza maneno aliyoyapanga njiani. Sisi tunamtaka ayamalize, tena kwa kipaza sauti. Na Paulo anapowaagiza Wagalatia, "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole", hasemi lolote kuhusu daftari.

Halafu daftari lenyewe lina upendeleo. Mimba haifichiki, aliyempa mimba anafichika. Utotoni mwangu sikumbuki kumwona mwanamume amepiga magoti pale peke yake. Walikuja na wake zao siku ya kubariki ndoa, wamevaa suti, ikawa sherehe. Wengine hawakuja kabisa. Walikuwa kwaya, wanaimba besi, huku msichana wa miaka kumi na saba akijibu maswali kwa niaba ya wawili.

Tunajivunia, na kwa haki, kwamba Bukoba ndiko alikotoka Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, aliyechaguliwa pale Dar es Salaam mwaka 1977. Picha yake ilitundikwa katika ofisi ya usharika wetu. Chini ya picha lilikuwapo kabati, na ndani ya kabati daftari la waliotengwa. Jina la mama yangu lilikaa humo miaka kumi na minne. Mimi ndiye kifungua mimba wake, kwa hiyo umri wangu na adhabu yake vilikwenda sambamba.

Alirudi kundini Novemba 1986. Tata, yaani baba yangu, alikuwa amekwisha kuondoka. Alifuata uvuvi visiwani, na huko akapata mke mwingine. Kwa hesabu za wazee, kuachwa ndiko kulikomsafishia mama njia. Sasa hakuwa tena anaishi na mwanamume asiyebarikiwa naye. Hilo nalo lilinichoma, nikaliweka akiba kwa ajili ya barua kama hii.

Juma lile senene, wale panzi wa kuliwa, walishuka kwa wingi. Watu wa kwetu wanajua maana yake: usiku hakuna kulala, watoto wanakimbizana chini ya kila taa, na asubuhi kijiji kizima kinanukia mafuta ya kukaangia. Jumapili ile nilikuwa na senene wa kukaanga ndani ya mfuko wa kaptula, nimewafunga kwa karatasi, nikiwala mmoja mmoja wakati wa matangazo. Nilikuwa darasa la kipaimara. Tulikalishwa benchi la pili ili mwinjilisti atuone vizuri, kila mmoja na Katekisimo Ndogo yake, kile kijitabu cha mafundisho alichoandika Martin Luther, na penseli. Tulikuwa tumefika sehemu ya Ubatizo, pale Luther anapouliza kubatizwa kwa maji kuna maana gani, halafu anajibu kwamba Adamu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kwa toba ya kila siku, afe pamoja na dhambi zake. Nilikuwa nimeikariri vizuri sana. Nilidhani Adamu wa kale ni mtu.

Mama aliazima viatu kwa muuguzi wa zahanati. Vilikuwa vyeusi, vyenye kisigino kifupi, vikubwa kwake, akaviziba kwa karatasi ya gazeti mbele ya vidole. Nikisoma kwamba mwana mpotevu alivishwa viatu nyumbani kwao, nakumbuka kwamba mama alikuja navyo vya kuazima, na jioni nilitumwa kuvirudisha. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, ile mvua inayofanya mhubiri anyamaze kidogo asubiri. Ilipopungua, mzee wa kanisa akafungua daftari akasoma majina manne. La mama lilikuwa la tatu. Wanawake wanne, kama kawaida.

Wakapiga magoti. Mama alitangulia goti la kushoto, na kiatu cha kulia kikamvuka kisigino. Mimi nikainama, nikajifanya natafuta kitu chini ya benchi. Ndipo nikasikia benchi la mbele likilia.

Aliyenyanyuka alikuwa bibi, mama yake Tata. Hapa inabidi nieleze bibi alikuwa nani. Alikuwa mlokole, mtu wa uamsho ule uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukashuka mpaka kwetu. Walokole hawakusubiri kusomwa majina. Walikutana wenyewe, mtu akasimama akataja kosa lake hadharani, jembe aliloiba au uongo aliosema, na wenzake wakampokea kwa wimbo wa "Tukutendereza Yesu" (Tunakusifu Yesu), kwa Kiganda, hata wasiojua Kiganda. Waliita kutembea nuruni. Bibi alitembea nuruni zaidi ya miaka thelathini. Alikwisha kutubu mpaka sindano ya mke wa mchungaji aliyoisahau kuirudisha mwaka 1951. Sisi wajukuu tuliijua ile sindano kama tulivyojua safina ya Nuhu.

Basi akanyanyuka, mkono mmoja kiunoni, akatembea polepole mpaka mbele, akapiga magoti upande wa kulia wa mama. Kanisa likatulia. Mzee wa kanisa alimwinamia akamnong'oneza, lakini sisi wa benchi la pili tulisikia:

"Mama, jina lako halimo."

"Basi liandike, waitu."

Mzee alijipapasa koti. Hakuwa na kalamu. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye penseli yangu, akaniita kwa kidole. Nikaenda. Nilipompa, vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya senene, na naamini alama ya mafuta imebaki katika daftari lile, pembeni ya jina la tano. Mchungaji hakuuliza kitu. Aliwauliza wote watano maswali yale yale, wakajibu kwa pamoja, na sauti ya bibi ilikuwa juu kuliko zote kwa sababu alikuwa haisikii vizuri. Baada ya ibada kukawa na mnada wa sadaka kama kila Jumapili: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo mmoja aliyetoroka akaingia chini ya gari la mchungaji. Watu walicheka sana. Nashangaa jogoo namkumbuka vizuri kuliko maombi.

Kisimani wanawake walilijadili juma zima. Wakakubaliana kwamba bibi aliona aibu kwa ajili ya mwanawe aliyekimbilia visiwani, akaamua kubeba yeye. Nami niliamini hivyo kwa karibu miaka arobaini. Nimewahi hata kulisimulia katika mahubiri, siku za nyuma nilipokuwa nahubiri: mtu asiye na hatia anashuka kupiga magoti na mwenye hatia. Mnaona lilivyofaa.

Nilipofika kwenye aya hiyo juzi, nikampigia mama simu kijijini ili nihakikishe rangi ya viatu. (Vilikuwa vya kahawia, siyo vyeusi. Nimeacha kosa langu hapo juu.) Nikamuuliza kama siku ile aliona aibu sana.

"Aibu ya nini? Miaka kumi na minne sijaonja Meza ya Bwana, wewe unaniuliza aibu? Aibu uliona wewe. Nilikuona ulivyoinama."

Nikanyamaza. Kisha, ili nijitoe hapo, nikasema angalau bibi alimsaidia, alipopiga magoti kwa ajili ya Tata.

"Nani kakwambia alipiga magoti kwa ajili ya baba yako? Yeye ndiye aliyepeleka jina langu kwa wazee."

Akanieleza kama mtu anayeeleza bei ya kahawa. Jumamosi ile usiku, sisi watoto tukiwa nje kwenye taa, yeye alikuwa jikoni anachambua senene, anawatoa mabawa na miguu. Bibi akaingia, akakaa, akachambua naye mpaka kikapu kikaisha. Ndipo akasema: "Aliyelipeleka jina lako ni mimi." Mama akajibu: "Najua." Wakaanza kikapu cha pili.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Nani mwingine angejua mapema hivyo? Ni yeye aliyeniona natapika."

Miaka kumi na minne, Mhariri, walipika jiko moja. Na miaka yote hiyo bibi alikuwa anasimama kwenye mikutano ya walokole anatubu, sindano na kila kitu, na hilo moja analizunguka kama mtu anavyozunguka shimo njiani kwa kuwa anajua lilipo. Hapo ndipo hoja yangu ilipovunjika, maana utaratibu ule niliotaka ufutwe ndio uliompa bibi mahali pa kwenda. Asingeweza kulimalizia kwenye mikutano yao. Kule angeimbiwa Tukutendereza na kusifiwa kwa unyenyekevu wake. Ilimlazimu aandikwe kwenye daftari lile lile alilomwandikishia mwenzake.

Ninyi mmeuliza habari za kukua. Bibi alikuwa na miaka sabini na kitu siku ile, na kama kuna siku niliyomwona mtu anakua ni hiyo. Luther alifungua zile hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Nilifikiri toba ya maisha yote ni kama mswaki, unapiga kila asubuhi unaendelea na safari. Kumbe inaweza kukuchukua miaka kumi na minne kufikia kosa moja, tena lililo jikoni mwako, huku yale ya mbali na madogo unayamaliza kila Alhamisi.

Kwa hiyo sasa sijui niombe nini. Nadhani nisingefuta kurudi kundini. Ningefuta kusomwa majina: anayetaka aje, awe ametengwa au amemtenga mwingine. Msichana asiitwe mbele kabla ya mwanamume husika kuitwa, na kama mwanamume hatajwi, basi msichana naye aachwe akae na mama yake. Na wazee waliopitisha jina wapige magoti pamoja na mwenye jina, angalau mmoja wao. Najua haitatokea. Najua pia usharika mwingi umekwisha kulegeza, na vijana wengi hawajui hata tunazungumzia nini. Wanahama kanisa tu, kama nilivyohama mimi kwa miaka michache, na hakuna daftari linalowakumbuka. Hilo nalo sijui kama ndiyo rehema au ndiyo kutojaliwa.

Na bado nina kinyongo. Tata alipofia visiwani na kuletwa nyumbani, mwinjilisti hakuja. Majirani waliimba wenyewe, bibi akaomba. Sina simu ya kupiga itakayonibadilishia hilo.

Kabla ya kukata simu mama aliniuliza anachoniuliza kila mara: "Na wewe, Jumapili ulikwenda?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii.

Msomaji wenu, Mwanza