Maswali ya Wasomaji: Kofia ya Chuma Juu ya Jiwe la Barabara

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha ya jiwe la kilomita nchini Ufaransa ambalo limevikwa kofia ya askari. Je, ni kaburi?

JIBU: La, si kaburi, ingawa umakini wako unastahili pongezi. Mawe hayo yamepangwa kando ya barabara iitwayo Voie Sacrée, yaani Njia Takatifu, inayotoka Bar-le-Duc hadi Verdun, umbali wa kilomita zipatazo 70, na kila moja limewekewa mfano wa kofia ya chuma iliyovaliwa na askari wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Wajerumani waliposhambulia Verdun tarehe 21 Februari 1916, reli kuu zilikuwa zimekatwa au zimo ndani ya shabaha ya mizinga, hivyo askari na risasi vikategemea zaidi barabara hii, pamoja na kireli chembamba kilichopita jirani. Malori yalifuatana usiku na mchana kwa nafasi ya sekunde chache tu. Lori lililoharibika lilisukumwa mtaroni papo hapo ili msafara usisimame, huku vibarua wa kijeshi wakitupa kokoto za mawe ya chokaa chini ya magurudumu yaliyokuwa yakipita. Kwa maoni yangu, kumbukumbu hii inagusa moyo kuliko sanamu nyingi za majemadari, kwa kuwa inawaenzi pia madereva na wavunja kokoto. Jina la Njia Takatifu lilitolewa na mwandishi Maurice Barrès.