Fukwe za Cape Town: Upi wa Kuogelea, Upi wa Kutazama Tu

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Katuba. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 5, 9 na 14. Mdogo wangu anasoma Cape Town, naye ametualika tumtembelee. Mume wangu anapendelea twende katika likizo kubwa ya Julai na Agosti, kwa sababu hapa kwetu huo ni wakati wa kiangazi. Watoto wadogo hawajawahi kuona bahari, na maji makubwa wanayoyajua ni ya ziwa la Kipopo hapa karibu. Mdogo wangu ametutumia picha za fukwe nyingi, zote ni nzuri, na kila mmoja nyumbani amechagua wake. Tutakuwa na siku chache tu, na fedha zetu ni za kuhesabu. Tuchague zipi? — Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, tuanze na mwezi wa safari, kwa kuwa huo ndio utakaoamua mengine yote. Majira ya Cape Town hayafuatani na yetu. Sisi Lubumbashi tunapata mvua kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi au Aprili, na Julai anga yetu ni kavu ijapokuwa asubuhi baridi inauma. Kule mvua hunyesha wakati wa baridi, hasa Juni hadi Agosti, ikiletwa na dhoruba zinazotoka baharini pamoja na upepo wa kaskazini-magharibi, ilhali Desemba hadi Februari kuna jua kali na ukavu. Mkifuata kalenda ya hapa, mnaweza kuwafikisha watoto ufukweni katika juma la mvua, mawimbi yakiwa yamepanda na waogeleaji wakiwa wachache sana.

Desemba na Januari zina jua, lakini zina matatizo yao: watu hujaa, vyumba vya kulala hupanda bei, na upepo wa kusini-mashariki unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo ukirusha mchanga machoni. Mimi ningewashauri likizo ya Pasaka. Kufikia mwisho wa Machi na Aprili upepo huo huwa umepungua, watalii wengi wamekwisha kurudi makwao, na maji ya upande wa mashariki bado yanahifadhi joto. Najua likizo hiyo ni fupi, lakini siku tano nzuri zinawafaa watoto kuliko majuma mawili ya kukaa ndani mkitazama mvua. Ombeni visa mapema kwa hali yoyote, maana sisi raia wa Kongo hatuingii Afrika ya Kusini bila visa.

Sasa kuhusu picha. Kasoro yake kubwa ni kwamba haionyeshi upepo wala baridi ya maji, na hayo mawili ndiyo yanayotofautisha fukwe za Cape Town. Mji huo umejengwa mwanzoni mwa rasi nyembamba, yenye milima katikati, inayoelekea kusini kwa kadiri ya kilomita 50. Upande wa magharibi ni Atlantiki iliyo wazi. Upande wa mashariki ni ghuba pana iitwayo False Bay. Unaweza kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa gari kwa muda mfupi tu, lakini ukitia mguu majini utadhani umehama nchi.

Magharibi maji ni baridi sana, na ajabu ni kwamba mara nyingi huwa baridi zaidi wakati wa joto kuliko wakati wa mvua. Sababu ni ule upepo wa kusini-mashariki. Unapovuma, husukuma maji ya juu yaliyopashwa na jua yaende mbali na pwani, na maji ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Ni kama mpishi anayepuliza mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi mpaka mchuzi wenyewe uonekane. Hivyo basi, siku ambayo jua linachoma mabega, maji ya Clifton au Camps Bay, fukwe za magharibi, yanaweza kuwa nyuzi 10 hadi 13 tu, baridi ambayo mtoto wa miaka 5 hapaswi kukaa ndani yake. False Bay haina kina kirefu karibu na ufuko, nayo imekingwa na rasi, kwa hiyo wakati wa joto maji yake mara nyingi huwa kati ya nyuzi 18 na 22.

Kwa familia yako, Mama, kuogelea kufanyike mashariki, na kutazama kufanyike magharibi.

Mashariki ningeanza na Muizenberg. Mchanga wake ni mpana, unateremka polepole sana, na mtoto anaweza kutembea hatua nyingi ndani ya maji kabla hayajafika kifuani. Mawimbi yanakuja taratibu na kwa mistari mirefu, ndiyo maana wanaojifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao huanzia hapo. Vibanda vidogo vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu, njano, kijani na buluu, ambavyo bila shaka umeviona katika picha, viko hapo. Siku za sikukuu, watumishi wa mji huwafunga watoto ukanda mkononi ili mtoto akipotea ajulikane ni wa nani; mkiukuta utaratibu huo msiupite, kwa kuwa umati wa Muizenberg sikukuu ni mkubwa kuliko wa soko la Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, siku ya Jumamosi.

Mbele kidogo, St James na Kalk Bay zina mabwawa yaliyozungushiwa ukuta kando ya bahari. Wimbi likijaa huruka ukuta na kuyabadilisha maji, likipungua linaacha bwawa lililotulia. Kwa mtoto wako wa miaka 5 sijui mahali pazuri zaidi kwenye mwambao wote ule: anaoga maji ya chumvi, anaokota kombe katika nyufa za mawe, na mkondo haumfikii. Mwangalie tu asikanyage vinyama vyenye miiba vinavyokaa kwenye mawe. Fish Hoek pia ni tulivu, na wakati wa joto hutandazwa wavu wa kuzuia papa sehemu ya kuogelea.

Mwisho wa njia hiyo, karibu na Simon's Town, ni Boulders, penye majabali makubwa ya mviringo na pengwini. Ndege hao walianza kuzaliana hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa jozi mbili tu. Leo wanapita miguuni mwa watu, wanavuka barabara, wanajificha chini ya magari yaliyoegeshwa. Kabla ya kuwasha gari, chungulieni nyuma ya magurudumu. Watoto wasiwashike, kwanza kwa sababu mdomo wao unakata, na pili kwa sababu pengwini wa Afrika wamepungua mno, hata mwaka 2024 waliwekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Hapa mnalipa kiingilio kwa sababu ni sehemu ya hifadhi ya taifa. Chukueni pasipoti zenu: hifadhi za taifa za kule zina bei ya raia wa nchi za SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, iliyo chini ya ile ya wageni wa mbali, na sisi Kongo ni wanachama tangu 1997.

Uzuri mwingine wa upande huu, kwa wenye fedha za kuhesabu, ni treni ya abiria inayotoka katikati ya mji na kupita Muizenberg, St James, Kalk Bay na Fish Hoek hadi Simon's Town. Kuanzia Muizenberg reli inaambaa na bahari karibu sana. Safari za kipande cha mwisho husimamishwa mara kwa mara, kwa hiyo mdogo wako aulize kituoni kwanza, na msafiri mchana.

Magharibi nendeni siku moja, kwa gari, siku isiyo na mawingu. Clifton ina fukwe nne ndogo, zenye namba kutoka ya kwanza hadi ya nne, zilizotenganishwa na majabali, na unazifikia kwa ngazi ndefu zinazopita katikati ya nyumba. Kilima kilicho nyuma yake huzikinga na upepo wa kusini-mashariki, kwa hiyo Camps Bay inapopeperusha mchanga, Clifton inaweza kuwa imetulia. Camps Bay yenyewe ina miti ya mapambo ya jamii ya mnazi, barabara ya mikahawa, na juu yake safu ya milima iitwayo Mitume Kumi na Wawili. Kaeni hapo mkila mlichokuja nacho, kwa maana mikahawa ile si ya bei yetu. Llandudno ni nzuri kuliko zote machoni pangu, lakini haina duka wala mgahawa, na mawimbi yake hupasuka kwa nguvu karibu sana na mchanga. Wacheni watoto wacheze juu ya mchanga tu.

Kutoka Hout Bay, barabara ya Chapman's Peak inapita ubavuni mwa mlima, bahari ikiwa chini yenu, kwa kilomita 9 na kona 114. Ilimalizika kujengwa 1922, hulipiwa ushuru, na hufungwa mawe yanapoporomoka. Inawashusha Noordhoek, ufukwe wa mchanga mweupe unaonyooka kilomita kadhaa, ambako mabaki ya meli Kakapo, iliyokwama mwaka 1900, bado yamesimama mchangani: tangi la mvuke lenye kutu na mbavu za chuma zilizochomoza. Mkubwa wako wa miaka 14 atapapenda. Nendeni wengi pamoja, msiache vitu garini, na mrudi kabla ya jioni, kwa kuwa ni mahali pa upweke.

Iwapo kazi ya Baba itawalazimisha Julai, msivunjike moyo. Kati ya dhoruba moja na nyingine huwa na siku za jua tulivu, na kuanzia Juni hadi Novemba nyangumi huja karibu na pwani ya False Bay kuzaa na kunyonyesha. Mnaweza kuwaona mkiwa nchi kavu, barabarani juu ya Kalk Bay, bila kulipa chombo chochote.

SWALI: Mimi nafanya biashara kati ya Kasumbalesa na kusini. Niliambiwa kwamba fukwe nzuri za Cape Town ni za wenye majumba, na kwamba mlinzi anaweza kukufukuza. Je, ni kweli? — Msomaji wa Kampemba

JIBU: Si kweli, na ni muhimu kila msafiri alijue hilo kabla ya kuondoka. Sheria ya usimamizi wa pwani ya mwaka 2008 inaweka ufuko wa bahari kuwa mali ya umma, inayotunzwa na serikali kwa niaba ya wananchi, na mwenye nyumba iliyo juu yake hapati haki ya kuumiliki mchanga. Unachoweza kulipia ni maegesho, kiti cha kukodi, au kiingilio cha hifadhi ya taifa kama pale Boulders.

Uvumi uliousikia una chimbuko lake. Chini ya ubaguzi wa rangi, sheria ya 1953 iliruhusu fukwe zigawanywe kwa rangi ya ngozi, na zile zenye mchanga mzuri na njia rahisi zilitengewa Wazungu. Sheria hiyo ilifutwa 1990. Hata hivyo, Desemba 2018 walinzi wa kampuni binafsi walilaumiwa kwa kuwaondoa watu jioni katika ufukwe wa nne wa Clifton. Wananchi waliandamana pale pale mchangani, na wakuu wa mji wakasema wazi kwamba kampuni haikuwa na mamlaka hayo. Kwa hiyo mlinzi akikuambia uondoke, muulize kwa adabu yeye ni wa mji au wa mtu binafsi. Jambo moja tu usilibishie: pombe imekatazwa kwenye fukwe zote za mji, na polisi huinyang'anya.

SWALI: Mimi ni kijana wa miaka 19, nimekulia Kalemie na ninaogelea vizuri. Baharini niogope papa, au kuna lingine? — Kijana wa Ruashi

JIBU: Ndugu yangu, kuhusu papa kuna watu wa kukulinda. Tangu 2004 kuna walinzi wanaokaa mlimani juu ya Muizenberg na Fish Hoek wakitazama maji kwa darubini. Bendera ya kijani maana yake wanaona vizuri na hakuna papa. Nyeusi, hawaoni vizuri. Nyekundu, tahadhari kubwa. Nyeupe yenye picha ya papa pamoja na king'ora, toka majini mara moja. Papa wakubwa weupe wameadimika sana katika ghuba hiyo miaka ya karibuni, lakini bendera ziheshimu.

La kuogopa zaidi ni mkondo unaorudi baharini. Ziwa Tanganyika, pale kwenu Kalemie, lina mawimbi, nawe unayajua, lakini maji yanayosukumwa ufukweni na mawimbi ya bahari lazima yapate njia ya kurudi, na njia hiyo hujitokeza kama mfereji ambao, kwa macho ya mgeni, unaonekana ndio mahali palipotulia. Ukichukuliwa, usipigane nao kurudi moja kwa moja, kwa sababu waogeleaji hodari hufa kwa kuchoka. Elea, inua mkono, au ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye mfereji, ndipo urudi. Ogelea kati ya bendera za waokoaji, zenye rangi nyekundu na njano. Diaz, ufukwe ulio chini ya majabali ya Rasi ya Tumaini Jema, uuone kwa macho tu. Ngazi zake zinakualika, lakini mikondo yake ni mikali. Pia usisimame kwenye ukingo wa mawe kupiga picha ukiipa bahari mgongo.

Kwenye fukwe nyingi utaona maboya ya rangi ya waridi yametundikwa kwenye nguzo. Yaliwekwa kuanzia 2017 na kikosi cha uokoaji wa baharini, kwa matumizi ya mtu yeyote. Ukimwona mwenzako anazidiwa, usimrukie mikono mitupu: mtume mtu apige 112 kwa simu ya mkononi, wewe chukua boya, mtupie, na uwaelekeze waokoaji alipo bila kumwondolea macho.