Maswali na Majibu: Rangi ya Gari na Mkono Unaoiosha

Barua nyingi zilizotufikia kuhusu usafi wa gari zinauliza dawa ya kupaka. Chache sana zinauliza namna ya kuosha, ilhali huko ndiko uharibifu mwingi unakoanzia. Kwa sababu hiyo barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine.

SWALI: Ndugu mhariri, nina gari jeusi ambalo huliosha kila wiki bila kukosa, kwa sponji na sabuni ya vyombo. Likiwa kivulini linapendeza, lakini likipigwa na jua, boneti yote inaonekana kujaa mikwaruzo myembamba ya mviringo. Anayenisaidia kuosha ananishauri nilipige polishi kila mwezi. Je, niufuate ushauri wake?

JIBU: Usiufuate. Mikwaruzo hiyo haikuletwa na jua wala na ubovu wa rangi. Imeletwa na uoshaji wenyewe, na polishi ya kila mwezi ingeiondoa huku ikikila kile kile unachotaka kukilinda.

Rangi ya magari mengi ya siku hizi hupakwa kwa matabaka. Juu ya bati kuna kinga ya kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho vanishi angavu isiyo na rangi, ambayo ndiyo inayong'aa na ndiyo mkono wako unayoigusa kila unapoosha. Unene wa vanishi hiyo kwa kawaida ni mikromita 40 hadi 50 hivi, pungufu ya unene wa unywele wa kichwani, na ndani yake mna kemikali zinazoikinga rangi ya chini dhidi ya miale ya jua. Polishi ya kukwangua haiujazi mkwaruzo, bali huipunguza vanishi iliyouzunguka mpaka ilingane na kina chake, na hapo jicho halioni tena kitu. Kazi hiyo ikifanywa mara moja baada ya miaka kadhaa, gari halidhuriki. Ikifanywa kila mwezi, itafika siku vanishi itakwisha, kwa kuanzia kwenye kingo na mikunjo ya bodi ambako ni nyembamba zaidi, na dawa ya hapo ni kupaka rangi upya.

Ule mviringo unaouona ni wa macho tu. Mikwaruzo imekwenda kila upande, lakini inayorudisha mwanga machoni pako ni ile iliyolala kwa kuizunguka taswira ya jua. Sogea hatua mbili, na duara litasogea pamoja nawe. Magari meupe nayo yanayo mikwaruzo ya aina hiyo, isipokuwa weupe huificha.

Sasa tuje kwenye chanzo chake. Sponji ina uso bapa, kwa hiyo chembe ya mchanga inayonaswa chini yake haina pa kujificha na huburutwa kutoka boneti hadi mlango wa nyuma. Tumia glavu ya kuoshea yenye nyuzi ndefu, au kitambaa kinene cha maikrofaiba, ambacho huivuta chembe na kuiingiza ndani mbali na rangi. Andaa ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu na nyingine ya maji matupu. Kila baada ya kuosha sehemu moja, suuza glavu katika maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Utazame mchanga uliotuama katika ndoo ya kusuuzia utakapomaliza, kisha ufikirie ulikokuwa ukienda ulipokuwa ukitumia ndoo moja.

Kabla ya kugusa chochote, mwagia gari maji mengi ili vumbi na matope vitoke vyenyewe kadiri iwezekanavyo. Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa. Anzia paani ushuke, na sehemu za chini ya milango pamoja na bampa ziwe za mwisho, kwa kitambaa chake cha peke yake, kwa kuwa ndizo zilizobeba mchanga mwingi. Kitambaa kikianguka chini, hata kwa sekunde moja, kiwekwe kando. Wakati wa kukausha, tandaza taulo ya maikrofaiba juu ya maji, iache inyonye, kisha uiinue. Huna haja ya kusugua. Taulo hizo zisifuliwe kwa dawa ya kulainisha nguo, kwa maana huzipaka nyuzi utando na kuzizuia kunyonya.

Kuhusu sabuni ya vyombo, haiyeyushi rangi kama wengine wanavyotisha watu. Imetengenezwa ili kukata mafuta, kwa hiyo huiondoa nta yoyote uliyokwisha kupaka, na haina utelezi wa kutosha kuzibeba chembe zisikwaruze. Shampuu ya magari ina utelezi huo. Baada ya kuirekebisha namna yako ya kuosha, mpe fundi mwangalifu kazi ya kulipiga gari polishi laini mara moja, naye aijaribu kwanza mahali padogo. Kisha linda uso huo, na polishi uisahau kwa muda mrefu.

SWALI: Nimesikia kwamba mipako ya seramiki ikishapakwa, gari halihitaji tena kuoshwa wala halikwaruziki. Je, ni kweli, na inaipita nta ya kawaida kwa kiasi gani?

JIBU: Hayo mawili ya mwanzo si kweli. Nta inayosifiwa kuliko zote, ile ya karnauba, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Huipa rangi kina kizuri, lakini juani na mvuani hudumu majuma kadhaa tu, au miezi michache. Vilinzi vya polima, yaani dawa za kiwandani zinazopakwa badala ya nta, hudumu zaidi yake. Mipako ya seramiki, ambayo msingi wake ni silika, hushikamana na vanishi na inaweza kukaa miaka ikiwa uso uliandaliwa sawasawa. Hata hivyo nayo ni nyembamba mno. Haizuii kokoto wala sponji yenye mchanga; kinachoweza kuhimili kokoto ni utando mnene wa plastiki unaobandikwa juu ya rangi.

Faida yake halisi ni kwamba uchafu haung'ang'anii, hivyo unaosha kwa nguvu ndogo. Lakini bado unaosha. Tena matone ya maji yanayosimama juu yake, ambayo watu hupenda kuyapiga picha, yakikaukia juani huacha duara za madini ambazo zikichelewa kutolewa hung'oka kwa shida. Kumbuka pia kwamba mikwaruzo iliyokuwapo kabla ya kupaka itafungiwa chini ya mpako. Kwa gari linalolala nje na kuoshwa na mikono ya watu mbalimbali, mimi ningechagua kilinzi cha polima na kukipaka upya kila baada ya miezi michache, na fedha inayobaki ningeinunulia vitambaa vizuri.

SWALI: Kinyesi cha ndege kilikaa juu ya paa la gari langu kwa siku chache za jua kali. Nimekiosha, lakini pamebaki alama yenye umbo lile lile, na nikipitisha kidole nahisi ukwaruzo. Kosa langu ni nini?

JIBU: Ni kuchelewa. Kinyesi cha ndege kina asidi, na ndilo jambo linalojulikana na wengi. Lisilojulikana sana ni kazi ya joto. Juani vanishi hulainika na kutanuka kidogo, na kinyesi kinachokauka juu yake husinyaa na kuwa kigumu. Gari linapopoa jioni, vanishi hukaza na kuchukua sura ya uchafu ule. Alama unayoihisi kwa kidole basi si uchafu uliosalia, bali ni vanishi yenyewe iliyofinyangika, ndiyo maana sabuni haiiondoi.

Iwapo alama ni hafifu, polishi laini kwa mkono, mahali hapo tu, huenda ikatosha. Ikiwa imezama sana, afadhali kuiacha kuliko kuikwangua hadi rangi. Siku nyingine, funika kinyesi kwa kitambaa kilicholowa maji, ukiache kwa dakika kadhaa kilainike, kisha ukiinue kwa juu badala ya kukisugua, kwa sababu mara nyingi huwa na chembe ngumu ndani yake. Utomvu wa miti nao huondolewa kwa kuulainisha, lakini kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Spiriti ikishautoa, suuza na upake nta upya, maana nayo itakuwa imeondoka.

SWALI: Nilinyunyizia rimu dawa ya kusafishia, ikageuka kutoka maji meupe hadi zambarau iliyoiva na kuchuruzika chini. Niliogopa nikaisuuza haraka. Jirani yangu kwa upande wake alitumia dawa nyingine, na rimu zake sasa zina madoa meupe yasiyotoka. Tumekosea wapi?

JIBU: Wewe hukukosea. Kila unapofunga breki, pedi na diski husuguana na kutoa chembe ndogo za chuma zikiwa za moto, nazo hujikita katika uso wa rimu na kupata kutu papo hapo. Dawa uliyotumia ina kemikali inayojifunga na chuma, na ile zambarau ni ishara kwamba imekipata. Haimaanishi kwamba rimu inaoza. Iache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, bila kuiruhusu ikauke, kisha upitishe brashi laini na kusuuza kwa maji mengi. Harufu yake ni mbaya, na hilo halina ufumbuzi.

Jirani yako inaelekea alitumia asidi kali. Rimu nyingi ni za alumini iliyofunikwa kwa vanishi, na asidi ikipenya penye mchubuko hula alumini chini yake. Rimu za alumini tupu iliyong'arishwa hudhuriwa upesi zaidi, na asidi kali na alkali kali pia. Ikiwa zake ni za alumini tupu, polishi ya metali na subira zinaweza kuzirudisha. Ikiwa zina vanishi, itabidi ivuliwe na kupakwa upya. Amwambie pia anayemwoshea kwamba baadhi ya dawa za rimu zina asidi zenye florini, ambazo hupenya ngozi na kuumiza ndani hata pale ambapo maumivu hayakuonekana mara moja. Glavu za mpira hapo si za hiari.

Rimu zioshwe kwanza kabla ya bodi, zikiwa zimepoa kabisa, na kwa ndoo na brashi zake zenyewe. Zikiwa za moto, dawa hukaukia juu yake, na maji baridi yanayomwagwa ghafla si rafiki wa diski za breki. Ukimaliza, endesha taratibu na kugusa breki mara chache ili zikauke.

SWALI: Kwa nini tairi zangu hugeuka kahawia hata baada ya kuoshwa?

JIBU: Mpira wa tairi umechanganywa na kemikali inayouzuia usipasuke kwa ozoni, nayo hutoka taratibu hadi juu na kugeuka kahawia ikikutana na hewa. Isugue kwa brashi ngumu na sabuni. Ukipenda weusi, paka dawa kidogo ubavuni, na kamwe usiipake mahali panapokanyaga barabara.

SWALI: Viti vya ngozi vya gari langu vimeanza kung'aa, hasa cha dereva, ingawa huvipaka mafuta mara kwa mara. Isitoshe, mtoto alimwaga maziwa nyuma, na manukato yote niliyonunua hayajaishinda harufu yake.

JIBU: Ngozi ya gari ikiwa mpya huwa haing'ai. Mng'ao unaouona, ambao bila shaka umezidi kwenye ukingo unaopanda na kushukia, ni jasho na mafuta ya mwili yaliyochanganyika na vumbi, na mafuta unayopaka yanauongeza. Ngozi nyingi za magari ya leo zimefunikwa kwa rangi na tabaka la plastiki, kwa hiyo mafuta hayanyweki. Hukaa juu na kukusanya uchafu. Tumia povu la sabuni laini na brashi ya nywele laini, fanya sehemu ndogo ndogo, na ufute kwa kitambaa chenye unyevu kabla povu halijakauka. Dashibodi itendee vivyo hivyo, na uepuke dawa zenye silikoni zinazoiacha ikimetameta, kwa kuwa mng'ao huo hujirudi kwenye kioo cha mbele na kukusumbua macho juani.

Maziwa ni shughuli nyingine. Harufu haitoki kwenye zulia unaloliona, bali kwenye sifongo iliyo chini yake, ambako maziwa yamenyweka na bakteria wanayala. Ondoa kiti ikiwezekana, inua zulia, nyunyizia dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja protini, uiache kwa muda ilioelekezwa, kisha uinyonye kwa taulo na kuikausha kabisa milango ikiwa wazi. Zulia likirudishwa lingali na unyevu, utakuwa umebadilisha harufu ya maziwa kwa ya ukungu. Na ikiwa maziwa yaligusa mkanda wa usalama, uvute wote nje, uuoshe kwa maji na sabuni laini bila dawa yoyote ya kung'arisha nguo, ambayo hudhoofisha nyuzi zake, kisha uubane kwa kibanio usijirudishe hadi ukauke.